Baiskeli ya Marehemu Mkwe Wetu



Imetufikia habari kwamba huko Mombasa kuna baraza moja ambamo jina letu limekuwa likitajwa pamoja na kicheko. Wanaulizana: je, ni kweli kwamba fulani, aliyekwenda bara kusomesha na akaoa huko huko, ameingia katika mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote matatu kwa asubuhi moja, ilhali umri wake umeshafika miaka 47? Ni kweli. Na lililo kweli zaidi ni kwamba baiskeli tutakayoipanda ilinunuliwa mwaka 1979, kabla mama watoto wetu hajazaliwa, nayo ni ile nyeusi ya vyuma vizito ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Maadamu kicheko kimeshatangulia, tumeona afadhali maelezo nayo yafuate.

Chanzo chake ni sukari. Sisi tunakaa Bumula, kusini-magharibi mwa mji wa Bungoma, mahali ambapo miwa husimama pande zote mbili za njia kama jamaa waliokuja kumpokea mgeni. Mwezi wa Julai daktari alitupima damu, akaitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda, kisha akatuambia kwamba sukari imefika mlangoni lakini haijaingia ndani. Alitutaka tupunguze chai ya sukari nyingi, tupunguze mkate, na tuutumikishe mwili. Tulimjibu kwamba sisi hutembea kila siku kutoka nyumbani hadi shuleni. Akauliza ni masafa gani. Tulipomtajia, alitabasamu kwa adabu, akaandika jambo fulani ambalo hatukuweza kulisoma.

Katika juma hilo hilo binamu zetu walitupigia simu kutoka Kilifi. Wao na baadhi ya marafiki wa ujana wetu wameazimia kufanya triathloni ndogo ya ridhaa mwezi huu wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Hakuna kombe wala fedha, wala hakuna atakayeondolewa njiani kwa sababu ya kuchelewa. Masafa ni yale mafupi yanayojulikana duniani: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Ni nusu kamili ya masafa yanayotumika katika Michezo ya Olimpiki, ambako triathloni iliingizwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 kule Sydney. Tulikubali kabla hatujafikiri, na huenda tungalifikiri kwanza tusingalikubali.

Mchezo wenyewe si wa kale. Mashindano ya kwanza yaliyoitwa kwa jina hilo kwa maana ya leo yalifanyika San Diego, Marekani, mwezi Septemba 1974, na walioshiriki hawakufika hamsini. Miaka minne baadaye, tarehe 18 Februari 1978, watu 15 walisimama ufuoni katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii ili waogelee kilomita 3.8, waendeshe baiskeli kilomita 180, kisha wakimbie mbio kamili za marathoni. Waliomaliza ni 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Wa pili wake aliishiwa na maji njiani, na kile ambacho wasaidizi wake walimpa badala ya maji si cha kutajwa katika jarida la familia za Kiislamu. Tunayasimulia haya kwa sababu watu wale hawakuwa mabingwa wa kulipwa. Walikuwa watu wenye kazi zao, nao walichukua baiskeli walizokuwa nazo.

Nasi tulichukua tuliyokuwa nayo, ingawa si mara moja. Kwanza tulikwenda mjini tukaitazama baiskeli ya mashindano dukani, nyembamba, nyepesi, matairi yake kama kidole cha mtu. Tuliuliza bei. Bei ile ilikuwa sawa na karo ya binti yetu ya mihula mitatu, na muuzaji aliitaja kwa sauti ya upole kama mtu anayetoa habari ya msiba. Tulimshukuru, tukarudi nyumbani, tukakumbuka kwamba katika ghala la mahindi la mama mkwe wetu kulikuwa na baiskeli iliyoegemezwa ukutani tangu mwenyewe alipofariki.

Mwaka 1978 ndio mwaka ambao kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga miwa, na marehemu mkwe wetu alikuwa miongoni mwa wakulima waliopanda mapema. Alipopokea malipo yake ya kwanza alinunua baiskeli ile. Kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini ilibeba maziwa, magunia ya mahindi, mabati ya nyumba anamokaa mkewe hadi leo, na watu. Msomaji wa pwani akumbuke kwamba huku magharibi ya Kenya baiskeli ya namna hii ndiyo iliyokuwa gari la nyumba. Hata jina la bodaboda, ambalo leo limehamia kwenye pikipiki, lilizaliwa katika mpaka wa Busia, si mbali na hapa, pale vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha wasafiri na mizigo yao kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili.

Sasa ikawa lazima kuomba ruhusa, na hapo pana adabu zake. Kwa desturi ya Wabukusu, mkwe mume hamwendei mama mkwe wake ovyo, hamkabili uso kwa uso, wala haketi naye wakazungumza kama sisi tuzungumzavyo na mama wakwe zetu huko Mombasa. Miaka 15 ya ndoa haikuibadilisha hali hiyo, na tumejifunza kuipenda, kwa maana inatuepusha na maneno mengi. Basi mama watoto ndiye aliyetumwa. Alirudi jioni na jibu fupi: baiskeli ichukuliwe, itumiwe, lakini ikirudi irudi nzima.

Fundi tuliyempelekea hufanya kazi chini ya mwembe karibu na soko la Bumula. Aliigeuza ikasimama juu ya kiti na usukani, akazungusha gurudumu la nyuma, akaweka sikio kama tabibu. Kisha akatusomea maradhi yake. Gololi za kitovu cha mbele zimelika na grisi imekauka ikawa kama udongo. Njiti nne zimekatika. Mnyororo umerefuka. Na ule mlio wa kugonga uliokuwa ukisikika kila mguu unapokwenda chini, ambao sisi tuliudhania kuwa ni uzee tu, ulitokana na pini inayokaza mkono wa kanyagio, iliyoliwa ikabaki nusu. Pini ile ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole. Ikichomoka mtu akiwa juu ya kilima, alisema, mguu hushuka peke yake na mwili hubaki ukishangaa.

Vyote hivyo alivirekebisha kwa siku mbili na kwa fedha chache. Jambo moja tu hakulirekebisha, kwa kuwa hatukumwambia, nasi hatukumwambia kwa kuwa hatukulijua. Ni breki.

Baiskeli za aina hii hazina waya za breki. Zina fito za chuma zinazotoka katika usukani na kushuka hadi kwenye magurudumu, na raba zake huukamata ukingo wa gurudumu kutoka upande wa ndani. Katika jua fito hizo hufanya kazi yake polepole na kwa uaminifu. Katika mvua ni habari nyingine, kwa maana raba inateleza juu ya chuma kilicholowa. Huku kwetu mvua hupenda kuja alasiri. Siku moja ya Septemba tulichelewa kutoka shuleni, tukaazimia kufanya mazoezi yetu kabla ya magharibi, na mvua ikatukuta juu ya mteremko unaoishia kwenye daraja. Mbele yetu, upande wa pili wa daraja, trekta lilikuwa likipanda na matrela mawili ya miwa. Tulivuta breki. Hakuna lililotokea. Tulivuta tena kwa mikono yote, na baiskeli ikaendelea kushuka kana kwamba mwenyewe wa zamani ndiye aliyekuwa akiiongoza na alikuwa na haraka. Daraja lile lina nafasi ya chombo kimoja.

Tuliingia katika shamba la mahindi lililo kushoto. Tunasema tuliingia, lakini ukweli ni kwamba tulitupwa. Mahindi yalikuwa yamekauka yakingoja kuvunwa, nayo yalitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Kifundo cha mkono kilivimba, shavu likachanika, na dereva wa trekta akasimamisha chombo chake akaja mbio katika tope. Alipoona kwamba tunasema, alisema maneno matatu tu: "Pole sana, Mwalimu." Kumbe alikuwa mzazi wa mwanafunzi wetu. Mwenye shamba tulimlipa mahindi yake siku iliyofuata, naye alihesabu mabua yaliyovunjika kwa uadilifu mkubwa.

Usiku ule nyumbani hapakuwa na mjadala. Mama watoto alitusafisha jeraha, akatufunga kitambaa, kisha akasema kwamba yeye hana neno na kuogelea, hana neno na kukimbia, lakini mtu aliyeambiwa na daktari ajilinde na maradhi hawezi kujiua kwa dawa ya maradhi yale yale. Breki zikitengenezwa, tutaendelea. Zisipotengenezeka, binamu zetu watatuona Kilifi tukiwa watazamaji. Tuliona haki yote iko upande wake, jambo ambalo si la kawaida kuandikwa katika safu hii.

Fundi alipoelezwa alikasirika, si kwa sababu ya ajali bali kwa sababu hatukumwuliza. Alitoa raba za zamani akazigonga juu ya jiwe, zikalia kama mfupa. Raba ya breki ikikaa miaka mingi hukauka ikawa ngumu, alisema, na ngumu juu ya chuma haishiki kitu. Alitia mpya, akazinyosha fito mbili zilizopinda, akasugua kutu katika kingo za magurudumu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza kila kiungo. Kisha akamimina debe zima la maji juu ya magurudumu na kututaka tuipande hapo hapo mbele ya watu wa soko. Ilisimama. Haikusimama ghafla, wala haitasimama ghafla kamwe. Hilo ni umbile lake. Alitufundisha kwamba katika mvua breki hukamatwa mapema na kwa wepesi, ili raba ianze kwa kufuta maji, na baada ya hapo ndipo mtu akaze. Tangu siku hiyo tunashuka kila mteremko kana kwamba daraja lile liko mwisho wake, na siku za mvua tunashuka kwa miguu tukiisukuma.

Kwa hiyo ndugu msomaji mwenye baiskeli kuukuu nyumbani, nawe umeingiwa na fikira kama hii yetu, tunakusihi jambo moja: anza na breki. Rangi, kengele na kiti kipya vitangoja.

Baada ya hapo likaja suala la uzito, nalo karibu lilete fitina katika familia. Mpwa wa mama watoto, kijana wa chuo anayejua mambo ya michezo kupitia simu yake, alitutembelea akaitazama baiskeli kwa huruma. Alishauri tuondoe keria, stendi, madigadi na kifuniko cha mnyororo. Keria, kwa ajili ya uzito wake na kwa kuwa bolti zake zimeshikana kwa kutu, alisema itabidi ikatwe kwa msumeno. Tulipenda shauri lake. Tuliipeleka baiskeli kwa mnunuzi wa mahindi, tukaitundika kwenye mizani yake, ikasoma kilo 23. Kijana akakadiria kwamba vitu vile vyote pamoja ni kilo 4, na keria peke yake ni kilo 2.

Habari za msumeno zilifika kwa mama mkwe kabla ya msumeno wenyewe kupatikana. Alimwita bintiye. Wajukuu, ambao humwita Kukhu na huingia kwake bila kubisha, ndio waliotuletea mazungumzo yale neno kwa neno. Alisema hivi: "Mwambie mume wako, juu ya keria hiyo ndipo nilipokaa usiku wa uchungu wako. Baba yako alinisukuma kutoka hapa hadi hospitali ya Bungoma, mvua inanyesha, na kila akifika kilima anashuka anatembea. Wewe hukuzaliwa njiani kwa sababu ya keria. Akitaka kuikata, aje anikatie mimi kwanza kuni za mwaka mzima kwa msumeno huo."

Sisi ni walimu wa hesabati, na mwalimu wa hesabati akipatwa na aibu hukimbilia kalamu. Tulikaa usiku tukapiga hesabu ambayo ilipasa tuipige kabla ya kwenda kwenye mizani. Kuinua kilo 2 kwa kimo cha mita 100 ni kazi ambayo mwili wa mtu wa kadiri, anapokanyaga kwa nguvu ya kawaida, huimaliza kwa robo dakika au chini yake. Hiyo ni juu ya kilima. Juu ya njia ya sawa uzito ule karibu hauna neno lolote la kusema, isipokuwa pale mtu anapoanza kuondoka. Yaani tulikuwa tayari kuikata keria iliyombeba mama watoto wetu tumboni kwa ajili ya sekunde 13 kwa kila mita 100 za kupanda, katika mashindano ambayo hayana kombe.

Adui wa kweli ni upepo. Mtu anapofikia mwendo wa kilomita 25 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zake huliwa na hewa anayoipasua kwa kifua chake, na baiskeli hii humkalisha mtu wima kama kadhi. Wenye baiskeli za kawaida huweza kuugeuza usukani juu chini ili mwili uiname. Sisi hatuwezi, kwa sababu fito za breki zimeunganishwa na usukani wenyewe, na tumeshakwisha kueleza uhusiano wetu na breki. Tumejifunza kukunja viwiko tu na kushusha kidevu. Kadhalika tulikipandisha kiti. Watu wengi huku, na sisi tukiwemo, hukaa chini mno ili miguu yote miwili ifike ardhini, na magoti ndiyo yanayolipa. Kiti kikipanda hata mguu ukaribie kunyooka kanyagio likiwa chini, maumivu huondoka. Yetu yaliondoka kwa juma moja, bila ya dawa na bila ya gharama, nasi tukajiona wajinga kwa miaka yote iliyotangulia.

Gia ni moja tu: meno 44 mbele, meno 18 nyuma. Kila mzunguko wa miguu hutupeleka kiasi cha mita 5.4. Tukiizungusha mara 70 kwa dakika twapata kilomita 22 na kitu kwa saa, na kilomita 20 huisha kwa muda wa dakika 53 hivi. Fundi alitutilia gurudumu la meno 16 tulijaribu, nalo lilikuwa tamu katika njia ya sawa, lakini vilima vya huku vilitunyang'anya magoti tena. Tulirudisha lile la 18. Keria imebaki mahali pake. Tuliondoa stendi na kifuniko cha mnyororo, ambavyo hufunguliwa kwa spana na kurudishwa kwa spana, na Kukhu alipashwa habari kabla.

Tukumbushe pia, kwa wale wanaoamini kwamba pasipo chombo cha thamani hapana mwendo, kwamba Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na akashinda Tour de France mara nne, alianza kufundishwa na David Kinjah huko Kikuyu, katika njia za milima na pamoja na vijana wa kijiji. Hatusemi kwamba sisi tutashinda kitu.

Kuogelea ndiko kulikotushinda kwa muda mrefu zaidi, na hapa tunakiri jambo ambalo huku bara hakuna anayelisadiki. Watu wa Bumula wanajua kwamba mtu wa Mombasa ni samaki. Sisi tumekulia hatua chache kutoka baharini, tumeruka kutoka gatini pamoja na wenzetu, tumecheza katika maji mpaka vidole vikakunjamana; lakini kuogelea mita 750 mfululizo, uso ndani ya maji, hatukuwahi hata siku moja. Tena wako wengi huko pwani walio kama sisi. Kucheza majini na kuogelea ni vitu viwili.

Wanafunzi wetu walitushauri twende mtoni. Tulikataa, nao wakadhani ni woga. Mito ya huku ni mizuri kwa kuitazama. Mto Nzoia hutoka katika vilima vya Cherang'any na miteremko ya Mlima Elgon, ukapita kando ya mashamba haya ukielekea Ziwa Victoria, na mvua inaponyesha juu kule maji yake hupanda huku chini ilhali anga letu ni jeupe. Rangi yake ni ya chai ya maziwa. Mtu akizama hatua tatu kutoka kwako humwoni. Hatukutaka kuwapa watoto mfano huo.

Basi kila Jumamosi asubuhi tumekuwa tukienda kwenye bwawa la hoteli moja mjini Bungoma. Tulilipima kwa hatua tukapata mita 20, maana yake mita 750 ni kulivuka mara 37 na nusu. Siku ya kwanza tulilivuka mara mbili tukashika ukingo kama mtu aliyeokolewa na jahazi. Kijana mwokoaji wa pale alitutazama kwa muda, kisha akaja kuchutama karibu yetu. "Mwalimu," alisema, "unapigana na maji. Tena unazuia pumzi. Toa pumzi ndani ya maji, pole pole, ili ukitoa kichwa uwe na kazi moja tu ya kuvuta." Ndilo somo lote. Lilituchukua majuma matano kulitii. Katika juma la 9 tulivuka mara 20 bila kusimama, na Jumamosi iliyopita tukazimaliza 38, ile nusu ya mwisho tukaikamilisha kwa ukarimu.

Binti yetu wa miaka 13 alikuwa akifuatana nasi na kuketi chini ya mwavuli na kitabu chake. Katika juma la tatu aliuliza, "Baba, na mimi nitajifunza lini?" Hatukuwa na jibu, kwa kuwa bwawa ni la watu wote mchanganyiko. Mama watoto ndiye aliyelitafuta jibu. Aliwakusanya kina mama sita, wengine kutoka Bungoma na wawili kutoka Mumias, wakaenda kwa mwenye hoteli wakaomba saa moja ya wanawake peke yao, Jumapili mapema kabla wageni hawajaamka, nao wakailipia. Walikubaliwa. Binti yetu sasa anatoa pumzi ndani ya maji vizuri kuliko babake, na hilo, tukisema kweli, limetufurahisha kuliko mara zetu 38.

Kukimbia hakuna mengi. Tunakimbia mara tatu kwa juma baada ya sala ya alfajiri, hewa ikiwa baridi na Mlima Elgon ukionekana upande wa kaskazini kama wingu lisilosogea. Jambo geni ni moja: mtu akishuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia papo hapo, miguu huwa si yake. Ni mizito, inakwenda kwa mdundo wa baiskeli, na dakika kumi za mwanzo hufanana na kukimbia ndani ya mchanga. Dawa yake ni kulizoea hilo, kwa hiyo kila Alhamisi tunaiegemeza baiskeli ukutani mwa nyumba na kuondoka mbio bila ya kuingia ndani, jambo ambalo majirani walilifasiri mwanzoni kuwa ni ugomvi wa nyumbani.

Daktari alitupima tena mwishoni mwa Novemba. Safari hii hakuitazama karatasi kwa muda mrefu. Sukari imerudi nyuma hatua kadhaa kutoka mlangoni, alisema, na akataka kujua ni baiskeli ya aina gani. Tulipomwambia, alisema babake alikuwa nayo.

Tutaondoka Jumatano kwa basi, inshaallah, baiskeli ikiwa imefungwa juu pamoja na mizigo, magurudumu yakiwa na hewa kidogo tu ili yasipasuke kwa joto la njiani. Binamu zetu wametuahidi kwamba kuogelea kutafanyika maji yakiwa yamejaa, katika siku za maji mafu ambapo mkondo hauna nguvu, na kaskazi wakati huu aghalabu huwa bado haijachafua bahari. Maji ya chumvi, wanatukumbusha, humbeba mtu kuliko maji ya bwawa. Tunaliweka neno hilo akilini kama hirizi.

Jana jioni wajukuu walileta ujumbe kutoka kwa Kukhu. Amesikia kwamba keria itafika mpaka baharini, mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika. Anasema tangu iliponunuliwa haijawahi kurudi nyumbani mtupu, na anataka nazi, zenye maji ndani, si zile kavu za sokoni Bungoma, pamoja na samaki wa kukaushwa kiasi cha kugawia majirani wanne. Mama watoto ameshatukunjia mpira wa kufungia mzigo, akauweka ndani ya mfuko wa viatu vya kukimbilia ili tusije tukausahau.